Besi ya baba mdogo yanitoa jasho Levolosi!

WIKI hii nusura niumbuke. Kasheshe lenyewe lilianzia hapa hapa Levolosi, Arusha, kwenye chumba cha mshikaji wangu tulichokibandika magodoro ukutani, eti studio.

Baba yangu mdogo alipiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi ujanani. Siku hizi vidole vinamvimba, kila akishika gitaa anasema hii ndiyo ya mwisho. Nikambembeleza anipigie wimbo mmoja. Akaja, akapiga mara moja tu, akaomba chai. Jamani, mzee anajua! Hana papara, anaacha nafasi, halafu anaingia pale usipomtegemea. Kama hunielewi, sikiliza besi ya Tommy Malanga kwenye "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Na tusijione wageni wa mambo hayo, maana ndugu wa Kinyonga walikuwa na Arusha Jazz mji huu huu kabla ya kuvuka kwenda Kenya mwaka 1971 na kuanzisha Simba Wanyika, ambako ndiko Les Wanyika ilikochipukia.

Basi bwana, besi ilitakiwa iende kwa fundi wa kumiksi, Dar. Mie kwa ujuaji wangu wa kidato cha nne, wakati wa kurekodi nilipandisha sauti mpaka taa nyekundu ikawaka. Nikakata sehemu zote zenye ukimya, nikatoa vipande vya MP3, nikavisikiliza kwenye simu, safi! Nikatuma.

Kesho yake fundi kapiga: "Kaka, umenitumia uji."

Kumbe simu ilinidanganya. Uzi mnene wa besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakiwezi kuitoa sauti nzito hivyo. Vile vipande navyo fundi hakujua kipi kikae wapi. Anataka faili moja refu linaloanzia mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama besi inaingia dakika ya pili. Tena liwe WAV ya biti 24, mono, kwa sababu MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na huongeza kaukimya mwanzoni, besi ikaachana na ngoma. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, wimbo wa dakika 4 hauzidi megabaiti 35. Bando gani hilo la kuogopa? Kasi ya wimbo iandike kwenye jina la faili.

Hayo yote yalirekebishika. Taa nyekundu ndiyo iliyoniua. Sauti ikizidi pale, kilele chake hukatwa na hakirudi, hata umlipe fundi mamilioni. Ilitakiwa ibaki kama desibeli 6 chini.

Nikapanda daladala hadi Tengeru, mkononi kilo mbili za sukari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeharibu nini?"

Nikamwaga yote. Akanitazama weee! "Enzi zetu Redio Tanzania, mmoja akikosea, bendi nzima inarudia. Leo umekosea wewe, nirudie mimi?"

Jumamosi akaja. Akaloweka vidole kwenye maji ya moto, akapiga mara mbili. Ya pili, ubeti wa mwisho, akatia kitu ambacho hakikuwepo kabisa mwanzo. Nikatuma faili mbili, moja ya gitaa tupu, nyingine ya amplifaya, fundi achague. Madoido sikugusa, hayo atatia mwenyewe akipenda.

Jibu likaja usiku: "Huyu mzee ni nani?"

Baba mdogo ana kale kasimu ka tochi. Jumapili nampelekea spika.