Jiko la Ruzuku Si Kipato

Sheria ya kodi ya Marekani haihesabu fedha taslimu peke yake kuwa kipato. Chochote chenye thamani anachopata mtu kinaweza kutozwa kodi, isipokuwa pale sheria yenyewe inapokiondoa. Kwa kanuni hiyo, familia ya kipato cha chini iliyopewa jokofu linalotumia umeme kidogo ingeweza kudaiwa kodi ya jokofu hilo, ingawa haikushika hata dola moja. Msaada ungegeuka kuwa deni.

Kwa ruzuku za kampuni za umeme na gesi, suala hilo lilipata jibu mwaka 1992, Kongresi ilipopitisha Sheria ya Sera ya Nishati na kuingiza kifungu cha 136 katika sheria ya kodi. Ruzuku ambayo kampuni inampa mteja wake anunue au afungiwe kifaa cha kupunguza matumizi ya nishati nyumbani haihesabiwi katika kipato chake. Sharti ni kwamba asidai nafuu nyingine ya kodi kwa gharama iliyokwisha kulipwa na ruzuku hiyo. Kampuni nazo zina sababu ya kutoa: mara nyingi kupunguza matumizi ya wateja ni nafuu kuliko kujenga mtambo mpya wa kuzalisha umeme.

Ruzuku za serikali zilipanuka sana kwa Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei ya mwaka 2022. Sheria hiyo ilitenga dola bilioni 4.5 kwa majimbo na makabila ya Wenyeji wa Marekani, ili kaya zenye kipato cha chini na cha kati zipate vifaa bora vya umeme. Kaya yenye kipato kilicho chini ya asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lake inaweza kulipiwa gharama yote, na iliyo kati ya asilimia 80 na 150 hulipiwa nusu. Ukomo wa jiko la umeme ni dola 840, na wa kipasha maji cha pampu ya joto ni dola 1,750.

Mwaka 2024 mamlaka ya kodi, IRS, ilitangaza kuwa ruzuku hiyo si kipato cha mnunuzi, bali ni punguzo la bei. Muuzaji anayelipwa na serikali ndiye anayeiweka katika mapato yake ya mauzo. Uamuzi huo una uzito zaidi kuliko unavyoonekana, kwa sababu ruzuku ya bima ya afya iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2010 hupimwa kwa kipato kinachokokotolewa kwa kanuni za kodi. Kama jiko lingehesabiwa, familia ingeweza kupata jiko na kupunguziwa msaada wa bima.

Hapa ndipo ruzuku isiyohesabiwa kuwa kipato inapoishinda nafuu iliyozoeleka ya kupunguziwa kodi. Hadi mwisho wa mwaka 2025, mwenye nyumba aliyefunga pampu ya joto aliweza kupunguziwa kodi hadi dola 2,000. Lakini asiyedaiwa kodi hakuwa na cha kupunguziwa, wala hakurudishiwa fedha. Wenye shida zaidi waliachwa nje, na hilo halikuwa haki.

Kodi ya mauzo ya vifaa hivyo nayo ni suala la majimbo. Texas husamehe kodi hiyo wikiendi moja ya mwishoni mwa Mei kwa baadhi ya vifaa vyenye nembo ya kuokoa nishati ya Energy Star, yakiwemo majokofu ya bei isiyozidi dola 2,000. Msamaha huo haupimi kipato: tajiri na maskini huupata sawa, ila maskini lazima awe na fedha siku hizo hizo. Kwingineko, ruzuku inayolipwa na mtu wa tatu huenda isipunguze kodi ya mauzo hata kidogo. Jiko la dola 800 lililolipiwa nusu, kwa kodi ya asilimia 6, linaweza kutozwa dola 48 za bei kamili badala ya 24.