Kijana Anapoanza Kupenda Mavazi



Katika chuo changu yumo binti wa miaka 14, hodari wa kuhifadhi. Siku moja nilifunua daftari lake nisahihishe imla, nikakuta kurasa za nyuma zimejaa picha alizozichora mwenyewe za magauni, mitandio na mabuibui yaliyotariziwa mikononi. Nilighadhibika. Nikalichana daftari mbele ya wenzake, nikamwambia hayo ni mambo ya kipuuzi. Hakulia. Aliokota vipande, akaenda zake, na wiki mbili hakuonekana.

Katika siku hizo nikawa nadurusu Hadithi ya kiburi iliyomo katika Sahihi Muslim, ambayo nimeisomesha mara nyingi. Mtume (S.A.W.) alipohadharisha kuwa haingii Peponi mwenye kiburi moyoni hata cha uzito wa chembe, mtu mmoja aliuliza: je, anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri? Hakukemewa. Alijibiwa kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kudharau watu. Basi baina yangu na binti yule, nani aliyedharau mtu?

Mipaka ipo, wala siifichi: sitara, kuacha israfu, na hariri na dhahabu kwa wanaume. Lakini Suratul A'raf, aya ya 26, inayolitukuza vazi la ucha Mungu, huanza kwa kutaja nguo za kusitiri na za pambo kuwa ni neema.

Na sisi wanaume tuna la kusema? Kofia ya viua niliyovaa siku ile ilishonwa kwa mkono, tundu moja moja, kazi ya miezi. Nilipokuwa na miaka 15 nilinuna Idi nzima kwa kukosa kofia kama hiyo!

Nilikwenda kwao baada ya Alasiri, nikamtaka radhi mbele ya mama yake. Aliinamisha uso.

"Maalim, kutarizi maua ni haramu?"

"La, mwanangu. Maua hayana ubaya."

Mama yake akasema likizo atampeleka kwa fundi cherehani, mwanamke jirani yao, ajifunze kukata kitambaa.

Jumamosi alirudi chuoni, na daftari lile lile limegandishwa kwa gundi. Kabla ya kuanza somo nilimtaka radhi tena, mbele ya wanafunzi wote, kwa kuwa nililichana mbele yao.