Honi ya basi na safari ya Titan

Simama kando ya barabara kuu basi lipite kasi likipiga honi. Likija, sauti ni nyembamba. Likishakupita, inakuwa nzito. Mawimbi ya redio ya vyombo vya angani hubadilika vivyo hivyo, na modemu inayoyapokea sharti iende nayo sambamba.

Chombo cha Cassini kiliporushwa Oktoba 1997 kikiwa kimebeba kidogo kiitwacho Huygens, ambacho kingetua Titan, mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali, mtambo wake wa kupokea habari za Huygens haukuwa umejaribiwa kwa mawimbi ya namna hiyo. Jaribio kamili lilionekana ghali. Ghali kuliko safari yenyewe?

Boris Smeds, mhandisi Mswidi wa Shirika la Anga la Ulaya, alishikilia kwamba lazima lifanywe, ingawa chombo kilikuwa kimeshaondoka. Februari 2000, kutoka kituo cha Goldstone, California, alirusha mawimbi ya kuiga yale ya Huygens, akiyageuza kidogo kidogo. Cassini iliyasikia vizuri, lakini habari zilizokuwa ndani yake zilitoka zimevurugika. Na programu ya mtambo huo, usishangae, haikuweza kurekebishwa kutoka duniani!

Ikabidi njia ibadilishwe. Badala ya kupita kilomita 1,200 kutoka Titan, Cassini ilipita umbali wa kilomita 60,000 hivi, mahali ambapo mawimbi hayabadiliki sana. Januari 14, 2005 Huygens ilitua, na picha za mawe ya barafu zikafika.