Utangulizi: Umbali na Muda, Kutoka Arua hadi Juba

Jiografia ya usafiri huanza na maswali ya kila abiria: ni mbali kiasi gani, na nitafika lini? Huulizwa kwa pumzi moja, lakini majibu yake hutoka pande mbili tofauti, na West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, inalionyesha jambo hilo vizuri kuliko sehemu nyingi ninazozifahamu.

Umbali usikuogopeshe. Arua iko takriban digrii 3 kaskazini ya ikweta, Juba, Sudan Kusini, karibu digrii 5, na kila digrii ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Juba imesogea kidogo mashariki, kwa hiyo angani utapata kama kilomita 220. Ukianzia Koboko, karibu 180. Eratosthenes alipima dunia nzima kwa njia ya namna hiyo katika karne ya tatu kabla ya Kristo, akitumia vivuli vya jua vya Aswan na Aleksandria, huko Misri unakoelekea Mto Nile, uleule unaopita Pakwach katika West Nile.

Muda ni mgumu zaidi. Ndege ndogo ya kilomita 300 kwa saa ingetumia dakika 45 hivi, na sehemu kubwa ya dakika hizo huishia katika kupaa na kushuka. Ndiyo maana nusu ya umbali si nusu ya muda. Kisha kuna saa zenyewe. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, Uganda ikabaki ilipokuwa. Ndege ikiondoka Arua saa nne asubuhi, Juba itatua saa tatu na dakika 45! Wachuuzi wa soko la Ariwara, upande wa Kongo, wanaiishi hesabu hiyo kila wavukapo mpaka.

Halafu njia. Abiria atakayelazimika kupitia Entebbe atarudi kusini kilomita 370, kisha apande kaskazini kama 545: zaidi ya 900 kwa pengo la 220. Barabarani, lami ya kilomita 92 kutoka Vurra hadi Oraba, kupitia Arua na Koboko, imepunguza saa za safari ingawa miji haikusogea. Ukishavuka kuingia Kaya, mvua, forodha na hali ya usalama ndizo zinazoamua utafika Yei lini.

Hata mpaka wenyewe si wa kale. West Nile ilikuwa ndani ya eneo la Lado la Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi 1910, ikawa ya Sudan, na mwaka 1914 ikaingizwa Uganda. Watu wa kabila la Wakakwa wako pande zote tatu, Uganda, Sudan Kusini na Kongo, na ndugu anayeishi mwendo wa mguu amekuwa mtu wa nchi nyingine. Kwangu mimi, mtaalamu anayepima kilomita na kuusahau mpaka huo hajapima safari.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, chagua safari moja unayoifanya mara kwa mara. Andika umbali wake, kisha muda wa kila kipande, pamoja na muda wa kusubiri gari lijae. Uitunze karatasi hiyo. Tutaanza nayo kazi.