Rais Asiye na Amri

Chama cha Kimataifa cha Kuendeleza Saitometria, maarufu kwa ufupisho wa ISAC, ni chama cha wataalamu wanaopima na kuchambua seli, zile chembe hai zinazounda mwili wa kila kiumbe. Ndani yake wamo madaktari, wanafizikia, wahandisi, wanabiolojia na mafundi wa maabara, na siku hizi wataalamu wa kompyuta hawakosekani. Kiongozi wake huitwa rais. Kwa desturi ya vyama vya Afrika Mashariki angeitwa mwenyekiti, na pengine jina hilo lingemfaa zaidi, kwa kuwa rais huyu hana wizara wala askari, na hawezi kumwamuru mwanachama yeyote abadili hata kitu kidogo katika maabara yake. Uwezo wake wote umo katika kuwakutanisha watu wasiofanana mpaka wakubaliane.

Ugumu wa kuwakutanisha unaanzia kwenye kazi yenyewe. Saitometria maana yake ni upimaji wa seli. Zamani fundi aliinamia darubini akazihesabu kwa jicho, moja baada ya nyingine, na akichoka alikosea. Mashine ya saitometria mtiririko hutumia njia tofauti. Damu huchanganywa na kingamwili zilizotiwa rangi zinazong'aa, kila moja ikinata kwenye aina yake ya seli. Kisha seli husukumwa ndani ya mkondo mwembamba wa maji na kupita mbele ya mwanga wa leza kwa mstari mmoja, mfano wa ng'ombe wanaopitishwa kwenye josho: hakuna anayechepuka ubavuni, na kila mmoja huonekana. Seli inapokatiza mwanga, mashine hunasa ukubwa wake, hali ya ndani yake na rangi iliyoibeba. Maelfu ya seli hupimwa hivyo kwa sekunde moja. Mashine ya namna hii haiwezi kuwa ya fani moja: mkondo wa maji ni wa mhandisi, leza ni ya mwanafizikia, kingamwili ni za mwanabiolojia, na mgonjwa aliyetoa damu ni wa daktari.

Wala haikuvumbuliwa mahali pamoja. Mwaka 1953 Wallace Coulter wa Marekani alipewa hataza ya njia ya kuhesabu chembe za damu kwa kuzipitisha kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme. Mwaka 1965 Mack Fulwyler, aliyekuwa Los Alamos, maabara ileile iliyotengeneza bomu la atomiki, alichapisha maelezo ya mashine ya kutenganisha seli: kila seli hufungwa ndani ya tone la maji, tone likatiwa chaji ya umeme, kisha likavutwa upande wake. Mwaka 1968 Wolfgang Göhde, katika mji wa Münster, Ujerumani, alibuni mashine inayosoma rangi zinazong'aa. Mwaka uliofuata kundi la Leonard Herzenberg wa Chuo Kikuu cha Stanford likatangaza mashine inayotenganisha seli kwa kufuata rangi hizo.

Kila kundi lilikuja na maneno yake. Wajerumani waliuita ufundi huo saitofotometria ya mapigo, na Wamarekani walikuwa na majina yao, zaidi ya moja. Mwanafunzi aliyetafuta maandiko ya fani hii maktabani alilazimika kujua majina yote, la sivyo angekosa nusu ya yaliyoandikwa. Mwaka 1976 wataalamu walipokutana Pensacola, Florida, katika mfululizo wa mikutano kuhusu uchunguzi wa seli kwa mashine, walikubaliana kutumia jina moja, ambalo kwa Kiswahili ndilo hili la saitometria mtiririko. Hapakuwa na sheria iliyowalazimisha. Walikubaliana, wakaenda makwao, wakalitumia.

Mikutano hiyo ndiyo iliyozaa chama. Kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kikiitwa Chama cha Saitolojia ya Uchanganuzi, na mwaka 1980 lilitoka toleo la kwanza la jarida la fani, Cytometry. Baadaye neno "Kimataifa" liliongezwa kwenye jina la chama, kisha jina lenyewe likabadilishwa kuwa hili la sasa. Jarida nalo liligawanywa mwaka 2003: sehemu ya kwanza ikabaki kwa utafiti wa jumla, ya pili ikaenda kwa wanaopima wagonjwa hospitalini, ambao tayari walikuwa na chama chao. Huo nao ulikuwa uamuzi wa uongozi, maana watu wa hospitali wana haja ya jibu la kuaminika leo, ilhali mtafiti anaweza kusubiri mwaka mzima akilichunguza swali lake.

Katiba ya chama imepanga uongozi kwa ngazi. Wanachama humpigia kura rais mteule, naye hukaa miaka miwili akiwa karibu na kiti kabla ya kukikalia kwa miaka mingine miwili. Akimaliza haondoki mara moja, bali hubaki katika uongozi akiwa rais aliyetangulia. Kwa hiyo anayekubali kugombea anajifunga kwa takriban miaka sita, na wakati wowote ule viongozi watatu wa zamu tofauti hukaa meza moja. Mpango huu una busara yake: mradi ulioanzishwa na mmoja haufi anapoondoka. Pamoja nao wamo katibu, mweka hazina na wajumbe wa baraza, na chini yao kamati za viwango, elimu, usalama na kongamano. Wote hawa ni watu wenye ajira zao vyuoni, hospitalini au viwandani, na kazi ya chama huifanya kwa kujitolea.

Marais wenyewe hutoka pande mbalimbali. J. Paul Robinson, aliyeongoza kuanzia mwaka 2006 hadi 2008, ni Mwaustralia anayefundisha Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Robert Murphy wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ni mtu wa biolojia na kompyuta. Andrea Cossarizza ni mtaalamu wa kinga ya mwili kutoka Modena, Italia. Anayetoka kwenye kompyuta hawezi kumfundisha daktari kazi ya wodini, na daktari hawezi kumrekebisha mhandisi wa leza. Kila mmoja anapofika kwenye kiti, sehemu kubwa ya wanachama wanaijua kazi yao kuliko yeye.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki neno saitometria huenda ni geni, lakini matunda yake si mageni. Kipimo cha CD4, kilichotajwa kwa miaka mingi katika kila kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ni kazi ya mashine hizi. CD4 ni alama iliyo juu ya seli fulani za kinga, nazo ndizo zinazoshambuliwa na virusi. Zikipungua, mwili hubaki wazi kwa magonjwa nyemelezi. Kuna wakati idadi hiyo ndiyo iliyoamua nani aanze dawa za ARV na nani asubiri. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeweka mpaka wa seli 200 katika kila mikrolita ya damu, mwaka 2010 likaupandisha hadi 350, na mwaka 2013 hadi 500. Mwaka 2015 lilielekeza kila aliyekutwa na virusi aanzishiwe dawa bila kusubiri idadi yoyote. Hata hivyo kipimo hakikutupwa, kwa sababu mgonjwa mwenye seli chini ya 200 bado anahitaji uangalizi wa pekee.

Taabu ilikuwa gharama. Mashine zilitengenezwa kwa ajili ya maabara za nchi tajiri, zenye umeme usiokatika, kemikali zinazohifadhiwa kwenye baridi na fundi wa kuitwa kwa simu. Baadhi ya wanachama waliona aibu kwamba ufundi wao unawafikia kwa shida wale wanaouhitaji zaidi. Göhde, yule wa Münster, kupitia kampuni yake alitengeneza mashine ndogo za kubebeka zilizofika Afrika. Mwaka 2002 Deborah Glencross wa Johannesburg na wenzake, akiwemo Ilesh Jani wa Msumbiji, walichapisha katika Cytometry njia ya kuhesabu CD4 kwa kemikali chache na bei nafuu, pasipo kuharibu usahihi. Robinson naye, baada ya kumaliza urais, alipanda Mlima Everest na kufika kileleni Mei 2009 ili dunia iusikie mradi wake wa kutafuta vipimo vya CD4 vya bei ndogo kwa ajili ya Afrika. Mwanasayansi kupanda mlima ili azungumziwe ni jambo la ajabu kidogo, lakini linaonyesha mipaka ya kiti chenyewe: rais wa chama cha wataalamu hana fungu la kununulia mashine, ana sauti tu.

Ndani ya chama, sauti hiyo hutumika zaidi kutengeneza kanuni. Mashine inayotenganisha seli kwa matone ikiziba mdomo wake, hurusha ukungu mwembamba usioonekana kwa macho, na kama damu iliyomo ina kifua kikuu au virusi, fundi aliyekaa mbele yake anaweza kuuvuta. Chama kilitoa miongozo ya usalama mwaka 1997, kikaifanyia marekebisho mwaka 2007 na tena mwaka 2014. Mwaka 2008 kilichapisha orodha ya mambo ambayo mtafiti anapaswa kuyaeleza kila anapotangaza matokeo: sampuli ilitoka wapi, mashine ilikuwa ipi, kingamwili zipi, na takwimu zilichambuliwaje. Kanuni hizi hazina adhabu. Nguvu yake hutoka kwa wahariri wa majarida wanaouliza maswali hayo kabla ya kuipokea makala.

Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa UVIKO-19, kongamano la chama, liitwalo CYTO, lililokuwa lifanyike Philadelphia, lilihamishiwa mtandaoni. Kwa chama cha aina hii hilo halikuwa jambo dogo. Kongamanoni ndipo wanachama wanapoonana ana kwa ana, kamati zikakaa, na wenye viwanda wakatandaza mashine zao ukumbini.

Wenye viwanda ndio mtihani mgumu kuliko yote. Fani isiyoweza kwenda bila mashine haiwezi kuwakwepa watengenezaji wake. Wao hudhamini makongamano, wengi wao ni wanachama, na baadhi ya wavumbuzi wakubwa wa fani walikuwa na kampuni zao. Lakini mfanyabiashara hupenda mteja wake asihame. Katika miaka ya mwanzo kila mashine ilihifadhi vipimo vyake kwa namna ambayo programu za mtengenezaji mwingine hazikuweza kuisoma. Maabara yenye mashine mbili ilikuwa na lugha mbili, na aliyebadili mashine aliyaacha nyuma matokeo ya miaka yake yote.

Mwaka 1984 Murphy, akiwa bado kijana katika fani, na mwenzake T. M. Chused walichapisha pendekezo katika Cytometry: kuwe na muundo mmoja wa faili, ulio wazi kwa wote, usio mali ya kampuni yoyote. Faili lingeanza na kichwa kifupi kinachoonyesha kila kitu kiko wapi, likafuata eneo la maelezo ya kawaida yanayosomeka, kisha vipimo vyenyewe. Muundo huo uliitwa FCS. Chama kiliuchukua, kikaunda kamati, na mwaka 1990 kikatoa toleo la pili. Kufikia mwaka 1997 mashine zilikuwa na kasi kiasi kwamba faili zilizidi nafasi iliyotengwa: kichwa kilikuwa na tarakimu nane tu za kuonyesha mahali, hivyo hakikuweza kuelekeza kokote zaidi ya baiti milioni 100. Toleo la tatu lilitatua hilo bila kuzifanya faili za zamani zisisomeke. Toleo la 3.1 likafuata mwaka 2010.

Hakuna mtengenezaji aliyeshurutishwa. Wateja walianza kuuliza kama mashine inatoa FCS, na aliyejibu hapana alipoteza mauzo. Leo ni muundo unaotumiwa na takriban kila mtengenezaji, na programu za uchambuzi huandikwa na watu wasiohusiana kabisa na kiwanda cha mashine. Murphy, aliyeandika pendekezo la kwanza, miaka mingi baadaye alichaguliwa kuwa rais wa chama.

Muundo huo ungali unatunzwa na kamati ya wanachama wanaojitolea. Faili la mashine ya siku hizi likifunguliwa kwa programu yoyote ya kusomea maandishi, iwe limetoka Edinburgh, Nairobi au Dar es Salaam, herufi zake tatu za kwanza ni FCS.