Kodi ya Miezi Sita Inavyomfungia Nje Mwenye Kipato Kidogo

Mfanyakazi wa kipato cha chini jijini Dar es Salaam anaposhindwa kupanga chumba chake mwenyewe, lawama huangukia mshahara mdogo au bei ya chumba. Vyote viwili vina sehemu yake. Lakini ukishika kalamu ukapiga hesabu ya mwezi kwa mwezi, utakuta wengi wa watu hawa wanamudu chumba cha kawaida cha uswahilini. Wasichomudu ni kutoa kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja kabla hawajakabidhiwa ufunguo. Kwa maoni yangu, utaratibu huo wa mkupuo unawafungia watu nje kuliko bei yenyewe, na unaweza kubadilishwa bila kumfilisi mwenye nyumba.

Tuanze na hesabu. Amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha viwandani na kwenye biashara kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Iliyofuata, ya Januari 2026, ilipandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4. Basi mfanyakazi wetu tumpe 200,000. Akishakatwa asilimia 10 ya NSSF, mkononi inabaki 180,000. Chakula, kwa mtu anayejibana, tuseme 3,000 kwa siku, yaani 90,000. Daladala moja ya kwenda na moja ya kurudi, kwa nauli ya 600, siku 26 za kazi, ni 31,200. Sabuni, vocha, maji na umeme tuvitengee 13,800. Kinachobaki ni 45,000. Chumba cha 40,000, choo na bafu uani, kinaingia humo, tena ni kama asilimia 22 tu ya fedha anayoipokea, chini ya ile asilimia 30 ambayo wataalamu wa makazi huichukulia kuwa mpaka wa pango linalobebeka. Hana nafasi ya kuugua wala ya kutuma fedha kijijini, na hilo ni tatizo halisi la mshahara wake. Hata hivyo, angelala kwake.

Sasa aende kwa dalali. Mwenye nyumba anataka miezi sita, 240,000. Dalali naye anataka chake, kodi ya mwezi mmoja, 40,000. Kabla hajanunua godoro wala jiko, anatakiwa kuwa na 280,000, zaidi ya fedha ya mkononi ya mwezi mmoja na nusu ambayo haijaguswa hata kwa mkate. Akiweka akiba ile 45,000 yote, itamchukua zaidi ya miezi sita kuzifikisha, na muda wote huo awe analala mahali pasipo na kodi. Akidaiwa ya mwaka, mahitaji ni 520,000, na subira yake inakaribia miezi 12. Jambo la kuzingatia ni kwamba akishaingia tu, 40,000 anayoitenga kila mwezi inatosha kulipia awamu inayofuata. Uwezo wa kukaa anao. Mlangoni ndipo anapokwama.

Anayekwama mlangoni hatoweki. Analala sebuleni kwa binamu, ambako anaamka kabla ya wenye nyumba na kulala baada yao. Au anakopa kwa wakopeshaji wa kausha damu, na riba inakula ile akiba ya awamu ya pili, hivyo miezi sita ikiisha anarudi alikotoka akiwa na deni juu. Au anasogea mbali kutafuta chumba cha 25,000 ili mkupuo upungue. Huko akihitaji daladala mbili kila upande, nauli inapanda hadi 62,400: ameokoa 15,000 kwenye kodi na kupoteza 31,200 barabarani. Anayeshauri watu wahamie pembezoni bila kupiga hesabu ya nauli hajashauri kitu. Wanawake wanaoishi peke yao wanaumia zaidi. Wapo wenye nyumba wasiotaka kabisa binti asiye na mume, na hata anayekubaliwa hujikuta mara nyingi fedha ya mkupuo ameipata kwa mwanamume, ambaye kuanzia siku hiyo ana kauli juu ya nani aingie na nani atoke. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba kijana angojee tu, au abanane na wenzake chumba kimoja. Kubanana kwa hiari ni sawa. Kubanana kwa sababu mtu mwingine ndiye mwenye fedha ya mlango ni kuishi chini ya mamlaka ya mtu huyo.

Mwenye nyumba naye ana sababu zake, na si haki kumchora kama mnyonyaji. Nyumba nyingi za kupanga mijini ni za watu binafsi waliozijenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao ukuta, bila mkopo wa benki. Kodi ya mwaka ikija yote pamoja ndiyo inayonunua bati na kulipa ada za shule. Kwa maneno mengine, mpangaji anamkopesha mwenye nyumba bila riba. Mkopo huo unatoka kwa mtu mwenye kipato kidogo kuliko anayekopeshwa, na hapo ndipo ninapoona dhuluma, hata kama hakuna aliyekusudia kudhulumu. Hofu ya pili ni mpangaji anayetoroka usiku na deni. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni dipoziti ya mwezi mmoja au miwili. Nairobi wamezoea kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, kisha mwezi kwa mwezi, na wenye nyumba hawajaacha kujenga. Kenya nako kuna maumivu yake, ya milango kupigwa kufuli tarehe tano na dipoziti zisizorudi, ila mfanyakazi huko anaweza kuhamia kwake kwa mshahara mmoja au miwili.

Wapo wapangaji wenyewe wanaoupenda mkupuo. Wanasema ukishalipa ya mwaka unalala usingizi, hakuna wa kukugongea wala wa kukupandishia kodi. Pingamizi hili nalipa uzito kuliko mengine. Lakini wanachokinunua kwa mkupuo ni usalama, na usalama huo unapaswa kutoka kwenye mkataba ulioandikwa: kodi isiyopanda kwa mwaka, notisi ya kutosha kabla ya kuhamishwa. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo mengi yameachiwa Sheria ya Ardhi ya 1999 na makubaliano ya watu wawili ambao nguvu zao hazilingani. Anayetaka kulipa ya mwaka aendelee kulipa. Asilazimishwe asiyeweza.

Je, sheria pekee itatosha? Ghana inatujibu kwamba hapana. Sheria yao ya kodi za nyumba ya 1963 inakataza kudai zaidi ya miezi sita kwa mkupuo, na bado Accra watu wanadaiwa mwaka mmoja hata miwili, kwa sababu anayelalamika anakosa chumba na mwenzake anakichukua. Kwa hiyo ukomo wa kisheria uende pamoja na mambo mengine mawili. La kwanza ni mahali pa karibu na rahisi pa kusuluhisha kesi ndogo za dipoziti na malimbikizo, kwani Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni safari ndefu kwa mtu anayegombea 80,000. La pili ni fedha ya kuingilia: SACCOS na waajiri watoe mkopo mdogo wa pango, unaolipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba na kukatwa kwenye mshahara kidogo kidogo.

Atakayesema kwamba malipo ya kila mwezi hayakusanyiki aangalie kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye umeme unaonunuliwa kupitia LUKU, na nyumba ya kawaida hutozwa 1,500 kwa mwezi badala ya kudaiwa 18,000 za mwaka kwa pamoja. Anayenunua umeme huo mara nyingi ni mpangaji. Kama mwenye nyumba amegawiwa kodi yake ya mwaka katika miezi 12 ili asiumie, basi serikali ina wajibu wa kumgawia mpangaji naye. Na wewe mwenye vyumba unayesoma haya, huna haja ya kungoja Bunge. Mpangaji ajaye akikuonyesha barua ya kazi, chukua mwezi mmoja na dipoziti, muandikiane mkataba, umpe ufunguo.