Joto la Gari na Moto Wake

Moto wa gari mara nyingi huanza pale mafuta yanapofikia chuma kilichopata joto kali. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika cheche hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Mazuti hayashiki cheche upesi hivyo, ila mvuke wake hujiwasha wenyewe ukifika digrii 210 hivi, kiwango kilicho chini ya kile cha petroli. Bomba la moshi la injini yenye turbo inayokimbizwa huweza kupita digrii 900. Kati ya hatari hizo mbili kuna mipira ya mafuta, nafasi ya hewa na mabati membamba ya kukinga joto.

Magari ya kasi huonyesha jambo hili waziwazi, maana mengi yana injini nyuma ya viti, katika chumba finyu. Yanaposimama baada ya mbio, upepo wa kupoza hukatika huku chuma kikiendelea kutoa joto. Mwaka 2010 kampuni ya Ferrari iliita tena magari 1,248 ya aina ya 458 Italia baada ya kadhaa kuungua. Kosa lilikuwa gundi: ndiyo iliyoshikilia bati la kukinga joto karibu na magurudumu ya nyuma, na ilipopata joto kupita kiasi iliweza kuwaka. Dawa ikawa kulifunga bati hilo kwa vishikizo vya chuma. McLaren F1, ya miaka ya 1990, ilifunikwa sehemu ya injini kwa jani jembamba la dhahabu, kwa kuwa dhahabu hurudisha joto vizuri mno.

Gari la kawaida hutumia bati la alumini kwa kazi hiyohiyo. Bati hurudisha mionzi ya joto, na hewa iliyo nyuma yake huzuia kiasi kinachobaki. Katika mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, magari mengi hufika yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi, na barabara mbovu hulegeza vishikizo hadi bati linapiga kelele. Garaji nyingine hulitoa tu na kulitupa. Hilo ni kosa kubwa: kelele zimekwisha, lakini mpira wa mafuta uliochakaa sasa unatazamana na bomba la moshi.

Njia ya kutoka Bukavu kwenda Uvira huleta joto la aina nyingine. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Baada ya Nyangezi, mteremko wa Ngomo hushuka hadi bonde la Ruzizi, chini ya mita 1,000. Nishati ya lori lililojaa linaloteremka hugeuka joto kwenye breki. Dereva asiposhuka kwa gia ndogo, ngoma za breki huiva, grisi huyeyuka na tairi huweza kuwaka. Kwenye magari madogo, mafuta ya breki yaliyonyonya maji huchemka mapema, pedali ikazama bila kushika. Mafuta mapya ya DOT 4 huchemka kuanzia digrii 230. Yakishachanganyika na maji kidogo, kiwango hicho huweza kushuka hadi 155.

Mafuta yakimwagika nje, hakuna bati linalosaidia tena. Ijumaa, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara hiyohiyo ya Uvira. Watu walikuja kuchota; wengine walikuwa jirani, katika vibanda vya video, wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua zaidi ya watu 230, watoto wengi wakiwamo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini hadi ukute jiko, sigara au injini inayonguruma, mbali na pale mafuta yalipomwagikia. Kinga pekee hapo ni kuondoka.

Moshi ukitoka kwenye boneti, injini huzimwa mara moja na abiria wote hushuka. Boneti haifunguliwi wazi, kwani hewa huchochea moto. Kizimamoto cha unga hupulizwa kupitia upenyo mdogo. Maji hayamwagwi juu ya petroli, kwa sababu huisambaza ikiwa inawaka.